Nilisema Ni Mbuzi

Asubuhi ile mama alinikabidhi ndege, moto na mdogo wangu, kwa mpangilio huo huo, kisha akakunja gunia tupu kwapani na kushika njia ya kivukoni. Alikuwa anakwenda Ifakara mjini kusaga mahindi yaliyobaki nyumbani, kutafuta chumvi na mafuta ya taa, na kumwona baba, ambaye alifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga na kuja kwetu mbugani Jumamosi tu. Alisema atarudi kabla jua halijafika utosini. Miaka ya tisini ilikuwa imefika katikati, mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa mwoga kuliko mtoto yeyote niliyemfahamu, ingawa hakuna aliyejua. Nilikuwa na sauti kubwa, na watu hudhani mwenye sauti kubwa haogopi.

Asiyelijua bonde la Kilombero anaweza kudhani mpunga ukishapandwa kazi imekwisha. Kazi ndiyo kwanza inaanza. Punje zikianza kujaa maziwa, ndege hushuka makundi kwa makundi, na msipokuwepo mtavuna majani matupu. Kwa hiyo watu wa kwetu walifunga nyumba zao na kuhamia ng'ambo ya mto, mbugani, kwenye madungu. Dungu letu lilikuwa kibanda juu ya nguzo zilizopita kimo cha mtu, sakafu ya fito, paa la nyasi, na kwenye kona moja udongo uliokandikwa pa kuwashia moto. Juu huko tulilala, tulipika, na tulikaa kutwa nzima kuamia ndege: kupiga debe, kuvuta kamba zenye makopo, kurusha matope kwa kombeo, kupiga kelele mpaka koo likauke. Shule ilitusubiri tuvune.

Mdogo wangu alikuwa na miaka minane. Alikuwa na jina la ubatizo na jina la ukoo, mazuri yote mawili. Siyaandiki hapa kwa sababu ni yake, na langu pia sijaliandika. Miguu yake ilikakamaa ikapishana, hakuweza kusimama wala kukaa bila kuegemea kitu, na mkono mmoja ulikwenda ulikotaka wenyewe. Hakusema. Alikuwa na sauti moja, ndefu, yenye kupasuka mwishoni, na sauti hiyo aliigeuza geuza kwa kila shughuli. Mimi na mama tulizijua zote. Ndiyo yake ilikuwa kufumba macho yote mawili kwa nguvu. Hapana, kugeuza uso. Alipenda kucheka watu wanapokosea. Nikirusha tope likaniangukia mwenyewe, angecheka mpaka ashikwe na kwikwi. Na alikuwa anaona ndege kabla yangu. Wakishuka upande ambao sikuutazama, aliniita kwa sauti ya kukatakata, na mara nyingi sauti yenyewe iliwafukuza kabla sijashika kombeo. Nikijipima kwa haki, yeye aliamia mpunga ule zaidi yangu.

Tulimfunga. Sijui niliseme vipi lisisikike vibaya. Sakafu ya dungu haikuwa na ukuta, na mtoto asiyeweza kujizuia angebingirika akaanguka chini. Kwa hiyo mama alimkalisha kwenye mto wa majani makavu, akampitisha khanga kifuani na kuifunga nyuma kwenye nguzo ya katikati. Fundo moja, la kulegea. Mama akiwa shambani, fundo hilo nililifunga mimi.

Mtaani kwetu mjini walimwita zezeta. Wengine walimwita taahira, au kiwete, kutegemea walikuwa wanacheka nini siku hiyo. Wenye adabu zao walisema "mgonjwa". Nilishangaa, kwa sababu aliyekuwa anaugua nyumbani kwetu ni mimi; malaria ilinilaza kila baada ya miezi michache, na hakuna aliyeniita mgonjwa nikishapona. Baba alisema "yule". Yule amekula? Yule amelala? Baba hakuwa mtu mbaya, alimbeba mgongoni mpaka kanisani kila Krismasi jasho likimtiririka, lakini sikumbuki nikilisikia jina lake mdomoni mwa baba. Bibi yetu, mzaa baba, aliniita mimi mke mwenzake. Tulipomtembelea alinigombeza kwa kujifanya ana wivu, kwamba nimekuja kumnyang'anya mumewe, na watu wote walicheka. Kwa mdogo wangu alinyamaza, akamtazama kwa huruma, akasema "Mungu ndiye anajua." Nilikuwa mdogo lakini niliona. Mtu anayehurumiwa hivyo hataniwi, na asiyetaniwa kwetu ni mgeni au ni maiti.

Wageni wakija, mama alimhamishia chumba cha ndani na kurudishia mlango. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Niliona tu mlango unavyorudishwa, taratibu usipige kelele, nikajifunza.

Siku hizi kuna maneno mazuri. Nimekaa kwenye semina, nimepewa soda na daftari, nimefundishwa kusema mtoto mwenye mahitaji maalumu, mtu mwenye ulemavu. Sina ugomvi na maneno hayo, nayatumia, na nawakaripia wasioyatumia mpaka wananikimbia. Ila nimewasikia watu wakiyatamka huku wanarudishia mlango taratibu usipige kelele, na hapo damu hunichemka. Najua ninachokisema, kwa maana nitakachosimulia nilikifanya mimi, na wala sikutumia neno hata moja kati ya yale mabaya.

Wiki tatu kabla ya siku ile, dungu la jirani lilipata watu wapya, mama mmoja na mabinti zake wawili waliohamia kutoka upande wa Mahenge. Mkubwa alikuwa wa rika langu. Alijua kusuka, alijua nyimbo za redioni, na alikuwa na namna ya kukutazama kana kwamba ameshakuchagua. Nilimtaka awe rafiki yangu kuliko nilivyotaka mpunga uive. Tulikutana kwenye kisima, na jambo la kwanza aliloniuliza, baada ya kusalimiana, lilikuwa hili:

"Kwenu kuna nani analia vile?"

"Mbuzi," nikasema.

Sikupanga. Lilitoka lenyewe, na likishatoka likahitaji kuvalishwa. Nikasema ni jike, ana mimba, mama ameogopa kumwacha mjini asije akaibiwa. Binti mdogo akafurahi, akauliza atazaa lini. Nikasema bado kidogo. Nilirudi kwenye dungu nikiwa na ndoo kichwani na mdogo wangu akanipokea kwa ile sauti yake ya furaha, na kwa mara ya kwanza maishani nilimziba mdomo kwa kiganja. Alidhani ni mchezo. Alinilamba mkono.

Tangu hapo sikuwa na raha. Kila siku kisimani waliniuliza, mbuzi kazaa? Bado. Anakula nini? Majani. Nilikuwa naogopa wasije, naogopa mama asije akasikia, naogopa mdogo wangu asilie, na akilia naogopa upepo unaelekea wapi. Na uongo wenyewe ulikuwa wa kipumbavu, maana kwenye mpunga hakuna mtu analeta mbuzi. Ni sheria ya mbugani isiyohitaji kuandikwa. Mbuzi mmoja akikata kamba atamaliza jasho la msimu kwa asubuhi moja, na atakayemkuta shambani kwake ana ruhusa ya kumchinja papo hapo. Niliikumbuka sheria hiyo siku mama wa mabinti aliponisimamisha njiani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia mna mbuzi huko kwenu."

Nikatazama miguu yake.

"Mwambie mama yako sitaki ugomvi na majirani, mimi ni mgeni hapa. Lakini nikimkuta huyo mnyama kwenye mpunga wangu nitamchinja, na asije kunililia. Au ngoja. Jumapili nitakuja mwenyewe tuzungumze. Ndiyo heshima."

Sikumwambia mama. Nilihesabu siku. Ile asubuhi mama aliyonikabidhi ndege, moto na mdogo wangu ilikuwa Ijumaa.

Kwetu mbugani mvua kubwa haikuwa imenyesha. Ilinyesha milimani, upande wa Udzungwa. Kwa siku mbili tuliona weusi umekaa huko juu hautoki. Wazee wa bonde walijua maana yake, lakini mimi nilitazama juu ya kichwa changu nikaona jua, nikaridhika. Karibu na saa nne upepo ulileta manyunyu ya ubavuni yakaingia pembe ya moto, na moto ukazimika. Kibiriti kilikuwa kimelowa. Moto ukizimika, kwetu mtu huenda kwa jirani na kigae, akaomba kaa. Hakuna anayenyimwa moto.

Jirani wa karibu walikuwa wao.

Nilimpitisha mdogo wangu khanga kifuani nikaifunga kwenye nguzo. Nilifunga mafundo mawili badala ya moja, nikayakaza, kwa sababu nilijua nitakawia. Nataka niliandike hivyo hivyo lilivyo. Nilijua nitakawia. Mkubwa alikuwa ameniahidi kunisuka.

Nilipovuka lile bonde dogo lililotenganisha mashamba yetu, maji yalinifika kwenye kifundo cha mguu. Kawaida palikuwa pakavu. Niliona, nikaona pia kwamba si kitu. Kwao nilipanda ngazi, nikasalimia, nikaomba moto, nikakaa. Mama yao alikuwa anachambua mboga. Mkubwa akanishika kichwa, akaanza. Alikuwa na vidole vyepesi na alikuwa anaimba polepole, na kwa muda ule mfupi sikuogopa kitu chochote duniani. Kichwa kilikuwa kimesukwa nusu mama yao alipotazama chini.

"Jamani," akasema. "Maji haya yametoka wapi?"

Hayakuwa na kishindo. Watu wakisimulia mafuriko husimulia ngurumo, lakini yale yalikuja kimya, kati ya mashina ya mpunga, ya rangi ya chai ya maziwa. Yalikuwa tayari yamefika ngazi ya pili. Lile bonde dogo nililovuka lilikuwa mto, na mpunga katikati yake ulikuwa umelala wote upande mmoja. Nilisimama. Nakumbuka nilisimama na kigae mkononi.

Kisha tukasikia mtu anapiga kelele, na mtumbwi ukatokea kwenye matete. Alikuwa mzee mvuvi kutoka kambi ya chini, mtu mfupi, mkavu, mwenye koti la mvua lisilo na mkono mmoja, na alikuwa anautukana mtumbwi wake kwa kuvuja.

"Shukeni! Mto umetoka! Shukeni, acheni vyombo!"

Mama yao alishuka kwanza, akawapokea binti zake, kisha mimi. Mzee alinitazama.

"Wewe si wa hapa. Ni wa dungu lipi?"

Nikanyoosha kidole.

"Kumebaki nani?"

Jibu lilikuwa maneno mawili tu, mdogo wangu. Lakini mkubwa alikuwa ananitazama, amekaa mbele yangu goti kwa goti, na mama yao pia. Nikauona uso wa mkubwa utakavyokuwa. Nikaiona Jumapili. Nikayasikia yale maneno yote ya mtaani yakisemwa kwa mdomo wake mzuri.

"Hakuna mtu," nikasema.

"Kuna mbuzi wao, babu," binti mdogo akasema. "Ana mimba."

"Mbuzi atajijua," mzee akasema. "Mimi nabeba watu." Akachomeka upondo, akausukuma mtumbwi.

Nimejiuliza miaka mingi kwa nini sikupiga kelele hapo hapo. Watoto husemwa hawajui wanachokifanya. Mimi nilijua. Nilikaa kwenye mtumbwi ule nikiwa baridi mpaka kwenye meno, na akili yangu ilikuwa inafanya kazi haraka kuliko ilivyowahi kufanya darasani. Nilipanga kwamba tukifika kwenye kigongo cha nchi kavu nitamtafuta mwanaume mmoja, nimvute pembeni, nimwambie kwa siri aende. Nilipanga namna ya kumwokoa mdogo wangu bila mtu kujua kwamba ninaye. Na kila msukumo wa upondo ulinipeleka mbali naye, na mimi nikawa nahesabu misukumo, nikijiambia nitasema kwenye huu unaofuata. Unaofuata ulipita.

Ndipo upepo ukageuka na tukamsikia.

Haikuwa sauti ya hofu. Ningeweza labda kuivumilia ya hofu, Mungu anisamehe. Ilikuwa ile ya kukatakata, ya kuniita ndege wanaposhuka upande nisioutazama. Alikuwa ameyaona maji akadhani mimi sijayaona. Alikuwa ananiambia niangalie.

"Masikini, mbuzi wa watu," mama wa mabinti akasema, akafanya ishara ya msalaba. "Mnyama naye ana roho."

"Si mbuzi," nikasema.

Hawakusikia. Nikasema tena, kwa ile sauti yangu ya kuamia ndege, mpaka binti mdogo akaziba masikio.

"Si mbuzi! Ni mdogo wangu! Amefungwa!"

Mzee akaacha kusukuma. Mtumbwi ukaanza kupelekwa na maji kiubavu, akaushikilia, akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona.

"Amefungwa na nani?"

"Na mimi, babu."

Mama wa mabinti akapiga kelele, geuza, geuza sasa hivi! Mzee akakataa. Alisema mtumbwi una watu watano na tayari unakunywa maji, akiugeuza dhidi ya mkondo tutazama wote na huyo mtoto hatafikiwa na mtu. Akaongeza mwendo kuelekea kigongoni. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa katika mwendo ule, kumwacha nyuma kwa mara ya pili, safari hii huku kila mtu anajua. Mkubwa hakunitazama tena. Alikuwa anatazama vidole vyake.

Kigongoni waliruka wenyewe. Mimi nikabaki. Nilidhani atanishusha kwa nguvu, lakini alisema, "Kaa. Wewe ndiye unajua ulipomfunga." Akanipa kopo nichote maji mtumbwini.

Nilichota. Sikuthubutu kuinua macho, na nilipoyainua kila gogo lililopita nililiona mamba. Moja lilikuwa mamba kweli. Mzee alipiga maji mbele yake kwa upondo, akalitukana kwa Kindamba, likazama, na kuzama kwake kulinitisha kuliko lilivyokuwa juu, kwa sababu sasa sikujua lilipo. Sauti ya mdogo wangu ilikuwa imenyamaza. Nilikuwa nasali, lakini sala zilichanganyika, nikawa narudia tu mstari mmoja wa Salamu Maria ambao hata hauhusu.

Dungu lilikuwa limeinama. Maji yalikuwa juu ya fito. Mdogo wangu alikuwa amekaa pale nilipomwacha, maji yamemfika kifuani, na ile khanga ilikuwa inamshikilia asichukuliwe, na khanga hiyo hiyo ingemzamisha, kwa sababu hakuwa na namna ya kuinuka. Alikuwa ameinua kidevu. Midomo ilikuwa ya bluu. Aliponiona akafumba macho yote mawili kwa nguvu. Ndiyo. Hakuna aliyekuwa amemwuliza kitu.

Mzee akaushika mtumbwi kwenye nguzo.

"Hujambo, mchumba?" akamwambia.

Akangoja. Maji yanatupiga, dungu linalia, na huyu mzee anangoja kuitikiwa! Nikachanganyikiwa, nikampigia kelele.

"Haongei, babu! Hajui kuongea!"

"Sijakusalimia wewe," akasema.

Mdogo wangu akafumba macho.

"Basi ameitika. Sikiliza, mchumba wangu, nataka nikubebe. Utanivumilia, nanuka kambale. Nikubebe?"

Akafumba macho tena. Kisha akacheka, wallahi, katika maji yale, meno yanagongana, akacheka ile kwikwi yake, kwa sababu mtu mzima amesema ananuka. Hakuna mtu aliyewahi kumtania. Miaka minane, na wa kwanza alikuwa mvuvi tusiyemjua, kwenye mafuriko. Mafundo yangu mawili yalikuwa yamevimba hayafunguki. Mzee aliikata khanga kwa kisu cha samaki, akamwinua polepole, mkono mmoja chini ya shingo, akamlaza kwenye miguu yangu. Alikuwa mzito na baridi. Hatukuwa tumefika mbali paa la dungu liliposhuka majini, bila haraka, kama mtu anayekaa.

Kigongoni palikuwa na watu wa madungu mengi. Mama wa mabinti alimpokea mdogo wangu, akavua kitenge chake cha kujitanda akamfuta nacho, masikio, kwapa, katikati ya vidole. Akaniuliza anaitwa nani. Nikamwambia. Akalirudia jina akimwambia yeye, "Pole, mwanangu," na hakuniuliza kitu kingine. Nilitamani anichape. Mkubwa alikaa mbali kidogo.

"Ulisema mbuzi," akasema. Hakusema kwa hasira. Kichwa changu kilikuwa bado kimesukwa nusu.

Mama alifika alasiri, kwenye mtumbwi wa watu wengine, bila unga, bila gunia, ameloa mpaka kifuani. Tulimsikia kabla ya kumwona, alikuwa anaita majina yetu mawili. Mzee mvuvi alikuwa anaondoka kwenda kuchukua wengine. Wakapishana pale ukingoni, akamwambia, "Wapo wote wawili, mama," akasukuma mtumbwi akaenda zake. Hakusema zaidi. Mama wa mabinti naye alimpa mama pole, akampisha akae, akanyamaza.

Ningeweza kuacha likapita. Sitajisifu kwamba dhamira ilinisukuma. Binti mdogo alikuwa anatuchungulia kila mara, na nilijua mtoto kama yule hawezi kukaa na neno siku mbili. Kwa hiyo nilikiri kwa woga, kama nilivyofanya mambo yangu yote. Tulikuwa tumekaa chini kwenye nyasi zilizolala, mdogo wangu katikati yetu, amefunikwa kile kitenge. Nilimwambia mama yote, kuanzia kisimani. Mbuzi, mimba, mafundo mawili, hakuna mtu. Nilisema nikitazama mikono yake, nikingoja iinuke.

Haikuinuka. Aliposema, aliongea chini sana ikabidi nisogee.

"Huyu alizaliwa hapumui. Wa bluu, kama kitambaa. Mkunga alimhangaikia, alimpiga mgongo, alimpulizia, wapi. Akaniuliza, mama, niendelee naye au nimwache Mungu amchukue? Hata akiishi, akasema, hatakuwa mtu." Akakivuta kitenge kimfunike vizuri. "Nilinyamaza. Akaniuliza tena. Nilikuwa namsikia, nilikuwa na akili zangu zote. Nikanyamaza. Akamweka pembeni, kwenye khanga, akaanza kunihudumia mimi."

"Halafu?"

"Halafu akalia mwenyewe."

Mdogo wangu alikuwa macho. Alimtazama mama, akanitazama mimi, kisha akalala, mkono wake ule usiotulia umeangukia kwenye goti langu. Jua lilikuwa linachoma, watu walianza kusimama kwenda kutafuta kuni na maji ya kunywa, na wa kwetu mmoja alipaswa kwenda. Mama hakuinuka. Mimi pia sikuinuka. Hakuna kati yetu aliyethubutu kuondoka wa kwanza akamwacha na mwenzake.